Kuchambua barua kwa kamera: tarakimu kumi za anwani za Mombasa

Barua inayokuja Mombasa haitafuti mlango wa mtu, inatafuta sanduku. Usoni mwa bahasha kuna jina, S.L.P. na nambari yake, msimbo wa posta wenye tarakimu tano, kisha mji. Hata mtu akiongeza "Majengo, nyuma ya msikiti", maneno hayo yatamfaa tarishi wa ofisi tu. Kwa anayetaka kompyuta isome bahasha na kuamua iende wapi, hii ni nafuu kubwa: kazi nzima imebanwa kwenye tarakimu kumi hivi na maneno machache. Ugumu ni kwamba tarakimu zenyewe zimeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya buluu, juu ya bahasha ya kaki, na mara nyingi mhuri umegongwa palepale.

Maelezo haya nayaandikia ofisi zinazoshika barua kuanzia mia chache hadi elfu mbili tatu kwa siku: vyuo, hospitali, vyama vya akiba na mikopo, kampuni za kutoa mizigo bandarini, mawakili wenye matawi. Mashine kubwa za posta ya Marekani huchambua takriban barua 36,000 kwa saa, na moja tu hujaza ukumbi. Kwetu hata mkanda wa kubebea bahasha hauhitajiki. Naona kwa kiwango hiki kompyuta isome na mtu abebe. Mfanyakazi anaweka bahasha chini ya kamera, taa inawaka kwenye shubaka linalofaa, anaitia humo, anachukua nyingine. Ukikadiria sekunde 4 hadi 5 kwa bahasha, ni barua 720 hadi 900 kwa saa kwa mtu mmoja ambaye hahitaji kukariri chochote.

Kabla ya kununua kifaa, amua unachambua nini. Barua za kutoka, kama taarifa za akaunti au ankara, huchambuliwa kwa msimbo wa posta pekee, na ndizo nyepesi zaidi. Barua za kuingia kwenye ofisi yenye sanduku moja huchambuliwa kwa jina la mtu au idara, na nambari ya sanduku hapo inathibitisha tu kwamba barua ni yenu. Mahali penye masanduku mengi ndipo nambari ya S.L.P. yenyewe inapokuwa ufunguo. Programu ni ileile kwa zote tatu, ila daftari la kulinganishia ni tofauti, na daftari ndilo litakalokula muda wako.

Asilimia 99 haitoshi

Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake wa Bell Labs walichapisha kazi ya mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliosoma tarakimu za misimbo ya posta, zilizokatwa kutoka kwenye barua halisi zilizopita posta ya Buffalo, New York. Zilikuwa tarakimu 9,298: walizofunzia 7,291, na 2,007 za kupimia. Mtandao ulikosea kama asilimia 5 ya zile za kupimia. Watu wengi hukumbuka hiyo asilimia 5 wakasahau nambari ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye faida: ili makosa yashuke hadi asilimia 1, ilibidi mtandao ukatae kujibu takriban asilimia 12 ya tarakimu.

Tangu hapo usahihi umepanda sana, lakini hesabu haijabadilika. Chukua modeli, yaani programu iliyofunzwa hivyo, inayosoma kila tarakimu kwa usahihi wa asilimia 99. Anwani ina tarakimu tano za sanduku na tano za msimbo. Ukizidisha 0.99 mara kumi unapata 0.904, yaani karibu barua moja katika kila kumi ina tarakimu moja angalau isiyo sahihi. Ofisi yenye barua 800 kwa siku ingepeleka kombo barua zaidi ya 70. Hakuna msimamizi atakayevumilia hilo hadi Ijumaa.

Tiba yake ni mbili, na zote hazihusu kununua modeli kubwa zaidi. Ya kwanza ni kuzifanya sehemu za anwani zishuhudiane. Ya pili ni kuiruhusu kompyuta iseme haijui. Nitazifikia, lakini kwanza picha, kwa sababu picha mbaya hairekebishiki baadaye.

Meza, kamera na taa

Kompyuta ya kazi hii ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Kamera yake, Camera Module 3, hutoa picha ya pikseli 4608 kwa 2592. Ukiifunga sentimita 35 juu ya meza, ikitazama chini wima, inaona eneo la takriban sentimita 45 kwa 26. Bahasha ya C4, yenye sentimita 22.9 kwa 32.4, inaenea yote upande wake mrefu ukifuata upana wa picha, na kila milimita inapata takriban pikseli 10. Tarakimu yenye urefu wa milimita 4 hivyo inapata pikseli 40, na hiyo ni raha. Tarakimu ikishuka chini ya pikseli 20, tundu la 6 na la 8 huanza kuziba. Kamera ya kawaida ya mikutano yenye pikseli 1920 kwa upana, ikitazama eneo hilohilo, ingeipa tarakimu hiyo pikseli 17 tu. Zima ulengaji wa kujiendesha, weka umbali kwa mkono mara moja, kisha usiuguse. Kamera inayotafuta umbali upya kwa kila bahasha hupoteza muda na mara nyingine hulenga kidole.

Kwa wale watakaosisitiza kuweka mkanda, hesabu ni hii. Bahasha ikikimbia sentimita 30 kwa sekunde na kamera ikifungua kwa elfu moja ya sekunde, bahasha imesogea milimita 0.3, yaani pikseli 3 za ukungu. Inabidi mwanga uwe mkali sana au uwe wa kumweka mara moja kama flashi. Juu ya hayo, kamera hii husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kitu kinachokimbia huandikika kikiwa kimelala upande. Bahasha iliyotulia mezani haina shida hizo zote.

Taa ziwe mbili, za mirija ya LED, moja kila upande, zikimulika kwa nyuzi 45 au chini zaidi, na mbele yake weka karatasi nyeupe ya kupitisha mwanga au plastiki ya maziwa. Mwanga wa dirisha uzuie kabisa kwa pazia zito. Jua la asubuhi la Mombasa likigusa nusu ya bahasha, kivuli chake kitasomwa kama mstari. Bahasha zenye dirisha la plastiki, zile za benki na za mamlaka ya kodi, humeta. Taa ikiwa chini na pembeni, mmeto huenda upande mwingine badala ya kuingia kwenye kamera. Ikishindikana, bandika filamu ya polaroidi mbele ya taa na nyingine mbele ya lenzi, uzigeuze hadi zikatane kwa nyuzi 90. Utapoteza mwanga mwingi, hesabu robo tu imebaki, kwa hiyo ongeza taa. Barua za dirisha zina kasoro nyingine pia: karatasi huteleza ndani na nusu ya anwani hujificha. Kuigonga bahasha mezani kwa ukingo wa chini kabla ya kuilaza huirudisha karatasi mahali pake, na mazoea hayo mafunzo yake ni dakika moja.

Sasa rangi, ambapo faida kubwa hupatikana bure. Kaki hurudisha mwanga mwekundu na kumeza wa buluu. Wino wa buluu hufanya kinyume, humeza mwekundu. Ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa njia ya kawaida, wino na kaki hukaribiana na mwandiko hufifia. Ukichukua chaneli nyekundu peke yake, yaani sehemu ya picha iliyonasa mwanga mwekundu tu, kaki hung'aa karibu kama karatasi nyeupe, na wino wa buluu na mweusi hukolea. Mihuri ya ofisi yenye wino mwekundu nayo hutoweka, nayo ilikuwa imekalia anwani. Hasara ni kwamba anwani iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu hutoweka vilevile. Kwa hiyo hifadhi picha ya rangi zote, na chaneli nyekundu isipoonyesha maandishi yoyote, jaribu chaneli ya kijani.

Anwani ipi ni ya nani

Kosa linaloudhi kuliko yote ni barua kurudi kwa aliyeiandika. Mtumaji huandika anwani yake juu kushoto, au nyuma kwenye kifuniko, nayo ni anwani kamili yenye S.L.P. na msimbo. Programu inayotafuta "S.L.P." ya kwanza itaichukua hiyo bila wasiwasi wowote, na itaisoma kwa usahihi kabisa.

Funza modeli ndogo ya kutambua vitu, ya ukoo wa YOLO, itenge maeneo matano: anwani ya mpokeaji, anwani ya mtumaji, stempu, mhuri, na msimbo pau. Picha 500 zilizochorewa visanduku kwa mkono zinatosha kuanza, ilimradi ziwe mchanganyiko wa kweli: kaki, nyeupe, za dirisha, kubwa na ndogo. Usichukue 500 za juu ya bunda la siku moja, kwa sababu nusu yake zitakuwa za mtumaji mmoja. Ukiona modeli inachanganya mtumaji na mpokeaji, mara nyingi tatizo ni bahasha ndogo za C6, ambapo anwani zote mbili zimebanana. Ongeza picha za aina hiyo badala ya kuongeza za kila aina.

Mwelekeo wa bahasha usimwachie mfanyakazi. Modeli ndogo ya majibu manne, kawaida, robo, kinyume, robo tatu, hufunzwa kwa picha hizohizo ukizizungusha mwenyewe, kwa hiyo lebo, yaani majibu sahihi ya kufunzia, ni za bure. Bahasha iliyowekwa kwa mgongo inatambulika kwa kukosa stempu na anwani ya mpokeaji. Hapo taa ya njano iwake na mtu aigeuze.

Kusoma tarakimu

Barua zilizochapwa zisomwe na Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ambayo tangu toleo la 4 la mwaka 2018 hutumia mtandao wa neva na ina faili ya Kiswahili, "swa". Mpe kipande cha anwani tu, si bahasha nzima, na uiambie ni fungu moja la maandishi kwa chaguo la "--psm 6". Ankara za printa za nukta bado zipo, na herufi zake zimetoboka. Ziunganishe nukta kwa kunenepesha picha kidogo kabla ya kusoma.

Kuna mtego wa Tesseract unaotuhusu sana. Neno "BOX" lililochapwa vibaya husomeka "80X". Hapo unapata "P.0. 80X" na 80 mpya imezaliwa mahali ambapo misimbo yetu yote huanzia 80. Kabla ya kutafuta nambari, safisha kichwa cha mstari: P.O. Box, P.O.BOX, Box, S.L.P., SLP, na ndugu zao waliosomwa kombo, vyote vigeuzwe alama moja.

Mtego wa pili ni wa Mombasa hasa. Masanduku mengi ya hapa yana nambari za tarakimu tano zinazoanza na 8 au 9. Programu inayosema "tarakimu tano zinazoanza na 80 ni msimbo wa posta" itachukua sanduku ikaliita msimbo. Kanuni iwe mahali: nambari inayofuata S.L.P. ni sanduku, inayofuata kistari au inayotangulia jina la mji ni msimbo. Kukiwa na nambari moja tu na hakuna msimbo, iache hivyo, mji utasema.

Mwandiko wa mkono ni kazi nyingine, na Tesseract haikuumbwa kwa hiyo. Kinachofaa ni mtandao wa aina ya CRNN unaosoma mstari mzima kutoka kushoto kwenda kulia, picha ikiwa imepunguzwa hadi urefu wa pikseli 32, na kufunzwa kwa kanuni ya CTC. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kukata tarakimu mojamoja, na watu wetu huziunganisha, hasa sifuri mbili za mwisho wa 80100 zinazoandikwa kwa mkokoto mmoja.

Lakini hapohapo ndipo CTC inapoumwa. Kanuni hiyo hutoa jibu kwa kila hatua ya picha, kisha huunganisha majibu yanayofanana yanayofuatana, isipokuwa pakiwa na pengo tupu katikati. Sifuri mbili zilizoshikana hazina pengo. Matokeo yake ni 80100 kusomwa 8010. Dawa ni mbili, tumia zote. Panua picha kwa upana ili kila tarakimu ipate hatua tatu au zaidi. Halafu usikubali jibu la haraka la modeli kwa msimbo wa posta: chukua orodha ya misimbo yote halali, uiulize modeli kila mmoja una uwezekano gani kwa picha hii, na uchague wa juu. Orodha ni fupi, kompyuta ndogo huimaliza bila kuonekana imechelewa.

Kwa kufunza, mkusanyo wa MNIST una tarakimu 60,000 za mafunzo na 10,000 za kupimia, kila moja pikseli 28 kwa 28. Ni mwandiko wa wafanyakazi wa sensa na wanafunzi wa sekondari wa Marekani. Utumie kuanzia: zipange tarakimu zake ziwe mistari, zibandike juu ya picha za kaki, zipige mihuri ya kubuni juu yake. Kisha malizia na mistari 2,000 hadi 3,000 ya bahasha zako. Angalia namna watu wenu wanavyoandika 7, wengine huikata katikati na wengine hawaikati, na 1 yenye kofia ambayo hugeuka 7 machoni pa modeli iliyofunzwa na mwandiko wa kigeni. Na unapotenga za kupimia, tenga kwa mtumaji, si kwa bahasha. Mwandiko wa karani mmoja ukiwa pande zote mbili, kipimo kitakupa alama ambazo bahasha za kesho hazitazirudia.

Ushuhuda wa mji, sanduku na jina

Misimbo ya pwani inatosha kuonyesha kwa nini msimbo hauwezi kusimama peke yake. Mombasa GPO, yaani posta kuu, ni 80100, Bamburi 80101, Changamwe 80102, Kilifi 80108, Mtwapa 80109. Malindi 80200, Voi 80300, Ukunda 80400, Kwale 80403, Lamu 80500. Tazama tarakimu ya mwisho ya Mombasa na Kilifi: 0 na 8. Hizo ni tarakimu ambazo mkia mdogo wa wino au ukingo wa mhuri huzigeuza, na kila kosa linatua kwenye msimbo mwingine halali. Orodha ya misimbo haitakuonya.

Mji ndio unaookoa. Likoni, Kilifi na Mtwapa ni maneno yaliyo mbali kwa maandishi, kwa hiyo hata kuyasoma nusunusu kunatosha. Modeli ikipata "K-l-fi" na msimbo 80108 au 80100 kwa mashaka, Kilifi inashinda. Pima umbali kwa kuhesabu herufi za kubadilisha, kuongeza na kuondoa, na ukubali mji ikiwa umbali ni herufi mbili au pungufu na mji unaofuata uko mbali zaidi kwa mbili angalau.

Kuna mahali ushuhuda huu hunyamaza. Mtu huandika "80101 Mombasa", na ni sahihi, kwa sababu Bamburi iko Mombasa. Vivyo hivyo Changamwe. Neno Mombasa basi haliwezi kuamua kati ya 80100, 80101 na 80102. Programu ijue hivyo, na katika hali hiyo idai uhakika mkubwa zaidi wa tarakimu ya mwisho, au sanduku lipatikane kwenye daftari, au barua iende kwa mtu.

Nairobi ina mtego wake mdogo. Msimbo wa GPO ni 00100, na ukiweka daftari kwenye jedwali la kompyuta bila kusema ni maandishi, sifuri mbili za mbele huliwa na kubaki 100. Misimbo yote ihifadhiwe kama maandishi, tangu siku ya kwanza.

Kwa majina, daftari liwe na namna zote za kuandika. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mlango mmoja. Abdalla, Abdallah na Abdullah. Fatma na Fatuma. Omar na Omari. Zikunje zote kwenye umbo moja kabla ya kulinganisha, na uondoe Bw., Bi., Dkt., Capt. na Sheikh. Kukunja huku kuna gharama: wafanyakazi wawili tofauti wanaweza kuwa mtu mmoja machoni pa programu. Daftari lenyewe likague migongano hiyo usiku, na kila jina lililogongana lipewe alama kwamba halichambuliwi kwa jina peke yake, mpaka idara nayo isomeke.

Barua za rejista na za EMS, huduma ya posta ya haraka, ni nyepesi, kwa sababu zimebeba msimbo pau wa kiwango cha S10 cha Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu nane, tarakimu ya ukaguzi, kisha herufi mbili za nchi, kwetu KE. Msimbo pau ukichubuka, soma maandishi yaliyo chini yake na uyakague mwenyewe. Zidisha tarakimu nane kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mfuatano huo, jumlisha, gawa kwa 11, toa baki kutoka 11. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5. Mfano wa kubuni, 12345678: jumla ni 204, baki 6, kwa hiyo tarakimu ya ukaguzi ni 5 na nambari ni RR123456785KE. Laiti masanduku yetu yangekuwa na tarakimu kama hiyo. Hata vifurushi vya mabasi, vyenye nambari ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa katoni, havina: tarakimu kumi zinazoanza na 07 au 01, na kosa la moja huleta simu ya mtu mwingine anayepatikana vizuri tu.

Lini iseme haijui

Kila modeli hutoa alama ya uhakika pamoja na jibu, na alama hiyo hujisifu. Modeli inaposema 0.99, pengine ni sahihi mara 95 katika 100. Kwa hiyo kizingiti usikibuni. Chukua bahasha zenye majibu yaliyothibitishwa, zipange kwa alama kutoka juu kwenda chini, na ushuke hadi pale makosa yanapoanza kuzidi unayoweza kuyabeba. Hapo ndipo kizingiti. Chini yake taa nyeupe iwake, barua iende meza ya mkono.

Watu hupima bahasha 200, wasione kosa, wakatangaza ushindi. Kanuni ni kwamba ukipima bahasha kadhaa bila kosa hata moja, kiwango cha kweli cha makosa bado kinaweza kufika 3 gawa kwa idadi uliyopima. Bahasha 200 safi zinakuruhusu kusema makosa hayazidi 15 katika 1,000, basi. Ukitaka kusema hayazidi 1 katika 1,000, pima 3,000.

Mwanzoni kubali kwamba barua tatu katika kumi zitakwenda meza ya mkono. Hilo si aibu ya mfumo. Barua iliyosomwa na mtu inagharimu sekunde chache. Hati ya mahakama iliyoingia shubaka lisilo lake inaweza kulala humo wiki mbili huku muda wa kujibu ukiisha.

Mashubaka, hewa ya bahari na stima

Rafu ya safu 6 na nguzo 8 inakupa mashubaka 48. Kila moja liwe na taa ya ukanda wa WS2812B, ambayo hula hadi miliampea 60 ikiwaka nyeupe kamili, na kwa kuwa huwaka moja moja, umeme si tatizo. Ukanda huo ni wa volti 5 lakini pini za Raspberry Pi hutoa 3.3, na taa zitacheza ovyo usipoweka chipu ya kupandisha kama 74AHCT125 kati yao, pamoja na kizuizi cha omu 330 kwenye waya wa data. Usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha maana, kwa sababu baadhi ya wafanyakazi hawazitofautishi. Kujua mkono umeingia wapi, weka miale ya infraredi usoni mwa rafu, 6 ya kulala na 8 ya kusimama: mkono hukata mmoja wa kila upande, na shubaka likiwa si lenyewe kengele inalia kabla bahasha haijaachiwa.

Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na feni ya kompyuta huivuta yote ndani. Tumia kasha la alumini lisilo na feni, ambalo lenyewe ndilo hupoza, na uangalie joto: Raspberry Pi huanza kujipunguza kasi kwenye nyuzi 80. Raspberry Pi 4 hukaa vizuri namna hii, ilhali 5 hupata moto zaidi na si chaguo langu kwa chumba kisicho na kiyoyozi. Viunganishi vipakwe dawa ya kuzuia unyevu. Lenzi ifutwe kila asubuhi, maana ukungu wa chumvi hauonekani kwa macho, unaonekana kwenye alama za uhakika zinazoshuka kidogokidogo. Wakati wa masika bahasha hujikunja na gundi za vifuniko hushikana mbili mbili. Zipepee kwa kidole kabla ya kuzileta mezani, na bahasha iliyojikunja ilazwe chini ya kioo kisichometa.

Stima ikikatika katikati ya kuandika, kadi ya kumbukumbu huharibika. Weka betri ya akiba ya VA 650, mfumo usomwe tu bila kuandikwa, na kumbukumbu za kazi ziende kwenye diski ya SSD.

Picha ya bahasha ni habari za mtu

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu jina na anwani kuwa data binafsi. Piga picha ya uso wa bahasha tu. Usimulike mwanga wa nyuma unaoonyesha kilichomo. Futa picha baada ya muda ulioandikwa kwenye sera yenu, siku 30 zinatosha kufuatilia malalamiko, na zile za kufunzia zikate ibaki mistari ya tarakimu bila majina.

Kwenye meza ya mkono, onyesha kipande cha anwani na makisio matatu, mtu abonyeze 1, 2 au 3, au aandike mwenyewe. Kila anachobonyeza ni somo jipya la modeli. Lakini kwa barua moja katika kila ishirini, zikiwamo ambazo modeli ilikuwa na uhakika nazo, ficha makisio na umwache asome mwenyewe. Anayeona jibu tayari hulikubali, na makosa ya modeli hurudi kwake yakiwa yamethibitishwa. Kila wiki pia toa bahasha 50 mashubakani bila kuchagua, zikaguliwe moja moja dhidi ya lebo za rafu. Zikipatikana mbili zilizokosea, pandisha kizingiti siku hiyohiyo, halafu fungua picha zake utazame kama ni mwandiko, taa, au daftari ambalo mtu alihama idara na hakuna aliyelisahihisha.